Olini kwenye poka ya nyumbani: sheria ya kijiweni au ya mezani, nolimiti au limiti, keshi au tonamenti?

Watu wakianza kujifunza poka wanauliza fulu hausi inapigwa na nini, straiti ikoje, na hayo wanayameza siku moja tu maana ni kukariri. Swali gumu linakuja usiku wa tatu wa nne hivi, pale mmoja kabakiwa na vichipu kiduchu, mwenzake ana mlima mbele yake, karata nzuri zimewaingia wote wawili kwa pamoja, na mezani hamna anayejua yule mwenye kidogo afanyeje. Atoke? Akakope? Aweke hicho hicho alichonacho na akishinda azoe zote? Nimeona watu wazima wananuniana wiki nzima kwa hili.

Sasa njia za kucheza ziko nyingi na kila mtu anasifia yake, mimi nazipima kwa kitu kimoja tu: aliye na kidogo kuliko wote akisukuma kila alichonacho katikati, yaani akienda olini, nini kinampata yeye na nini kinawapata waliobaki. Ukishajua hilo mengine yote utachagua mwenyewe.

Sisi tunachezea Nkuhungu, hapa Dodoma, Jumamosi jioni jua likishapoa, barazani kwangu, watu wanne mpaka sita. Chipu zetu ni karanga. Sio uhaba wa hela tu (ingawa nao upo), ni kwamba michezo ya hela nchi hii ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na bodi inayotoa leseni, baraza langu halina leseni, afu hamna kati yetu anayetaka kwenda kujieleza kituoni kwa ajili ya pea ya saba. Kwa hiyo karanga, na anayeishiwa wa kwanza anaosha vyombo. Hesabu ya karanga na ya hela ni ile ile.

Twende na mgao mmoja uliotokea kweli pale barazani maana nitautumia mwanzo mpaka mwisho. Fundi alikuwa na karanga 40. Mwalimu 100. Shemeji 180. Mimi 300, siku hiyo nilikuwa nimenenepa. Fundi kashika 7 na 9, kachoka kusubiri, kasukuma zote. Mwalimu kafungua kona ya karata zake kaona A mbili, ree mbili kama wazee wanavyosema, kasukuma zote. Shemeji ana K na 9, na yeye zote, kwa nini usiniulize, shemeji ni shemeji. Mimi nina Q mbili nikaona hawa wote wanaota, nikasukuma 300. Zikafunuliwa za katikati: 7 ya kopa, 7 ya uru, K ya shupaza, ikafuata 2 ya pau, mwisho kabisa 9 ya kopa.

Kila mtu anachukua karata tano bora katika saba, mbili zake na tano za kati. Fundi ana 7 tatu na 9 mbili, fulu hausi, hamna wa kumgusa. Wa pili Mwalimu, pea ya A na pea ya 7. Wa tatu Shemeji, pea ya K na ya 9. Wa mwisho mimi mwenye mlima, pea ya Q na ya 7.

Fundi akanyoosha mikono yote miwili akaanza kuvuta karanga kama anavuta mchanga wa plasta. "Kaka si nimeshinda? Zote hizi zangu." Mwalimu akamwambia "Fundi hebu subiri kwanza, wewe uliweka arobaini tu." Shemeji naye anadai Mwalimu na Fundi hata hawakutakiwa kuwepo kwenye mgao maana hawakuwa na za kutosha kufuata. Na mimi, nakiri, nilikuwa kimya nikiomba hoja ya Shemeji ishinde.

Kumbe pale kila mmoja alikuwa anatetea sheria tofauti. Ziweke pamoja uone.

Sheria ya Shemeji ndo ile ya vijiweni vingi: mtu akipandisha unafuata kiasi chote au unatoka, kama huna nenda mfukoni kaongeze. Kwetu mfukoni ni mfuko wa karanga uko jikoni. Kwenye sinema za makauboi ndo hii hii, jamaa anaandika karatasi ya shamba lake anatupia mezani. Tukiicheza hii kwenye mgao wetu, mimi nikisema 300 basi Fundi anatoka na fulu hausi yake ambayo hata hajaiona, Mwalimu anatoka na A mbili, Shemeji anatoka, na mimi mwenye karata mbovu kuliko wote nakula kila kitu bila kufunua. Hapo hamjacheza karata, mmecheza nani ana mfuko mrefu. A mbili zinakuja wastani mara moja katika migao 221, umezisubiri wiki tatu, zinakuja, afu mtu anakufukuza kwa sababu tu yeye ana mlima. Hii sheria msiichague hata kama mnachezea mawe.

Sheria ya Fundi inaonekana ya huruma: mwenye kidogo abaki, na akishinda azoe. Kwa hiyo Fundi kwa 40 zake angevuta 620, zikiwemo 120 za mwisho za kwangu ambazo hamna hata mtu mmoja aliyekuwa na uwezo wa kuzifuata. Mwanzoni watu wanaipenda hii maana kila mtu anajiona yeye ndo Fundi, lakini ikikaa mezani usiku mmoja tu mtaona mchezo unavyooza. Kila mtu atataka awe na kidogo. Ukiwa na 5 unaingia kila mgao, hatari yako ni 5, tamaa yako ni mia sita, na mwenye nyingi anaogopa kuingia mgao wowote ambao una mtu wa tano tano. Ni mchezo wa kumkomoa aliyecheza vizuri.

Ya tatu ndo sheria ya mezani, inayotumika kwenye kasino na tonamenti zote za maana duniani. Kanuni yake ni fupi: kilicho mbele yako mgao unapoanza ndo mtaji wako kwa mgao huo, huongezi katikati, na hakuna anayeweza kukutoa kwa kuweka zaidi ya ulichonacho, ila na wewe huwezi kushinda kwa mtu yeyote zaidi ya ulichoweka wewe. Hiyo nusu ya mwisho ndo inazaa poti za pembeni (poti ni rundo la madau, za pembeni zinagombewa na baadhi tu), na ndo nusu ambayo Fundi hakuisikia.

Namna ya kuzigawa usianze na nani kashinda, anza na nani aliweka kidogo. Sisi tunatumia sahani. Aliyeweka kidogo ni Fundi, 40, basi chukua 40 kwa kila mmoja wa wale wanne, weka sahani ya kwanza: 160. Hiyo ndo poti kuu na wote wanne wanaigombea. Fundi kaishia hapo. Anayefuata kwa udogo ni Mwalimu, alikuwa na 100, kashatoa 40, zimebaki 60, basi 60 kwa Mwalimu, kwa Shemeji na kwangu, sahani ya pili: 180, inagombewa na sisi watatu tu. Anafuata Shemeji, kabakiwa na 80, basi 80 zake na 80 zangu, sahani ya tatu: 160, mimi na yeye. Kwangu zimebaki 120 ambazo hazina mpinzani, hizo sio dau tena, zinarudi kwangu hata kabla karata hazijafunuliwa. Jumlisha sahani tatu, 500, ongeza 120 zangu, 620, hesabu imefunga. Isipofunga kuna mtu kala karanga.

Kwenye kufungua ndo watu wanakosea sana. Mnaanza na sahani ya nje kabisa mnarudi ndani. Sahani ya tatu ni mimi na Shemeji peke yetu, K zake zinapiga Q zangu, kachukua 160. Ya pili anaingia Mwalimu, A zinapiga K, kachukua 180. Ya kwanza anaingia Fundi na fulu hausi, kachukua 160. Mkianza na ya ndani Fundi anafunua fulu hausi, watu wanapiga kelele, karata zinatupwa zinachanganyika na hamna tena anayekumbuka nani alimpiga nani kwenye sahani ya tatu. Imetutokea. Tukaishia kugawana kwa kukadiria, na kukadiria ndo kulileta ile wiki ya kununiana.

Sasa tazama sheria zote tatu kwenye mgao ule ule. Kwa ya Shemeji, mimi wa mwisho kwa karata naondoka na vyote. Kwa ya Fundi, yeye anaondoka na 620. Kwa ya mezani Fundi katoka 40 mpaka 160, mara nne ya alichoweka, ndo haki ya mtu aliyewapiga watu watatu. Mwalimu katoka 100 mpaka 180 japo kapigwa na Fundi. Shemeji kashuka kidogo, 180 mpaka 160. Mimi nimeporomoka toka 300 mpaka 120, na nilistahili.

Kwa hiyo hapa sina upole, mezani tu. Ila kuna vipengele vitatu vya hii sheria ambavyo mkivikosa mtarudi kwenye ugomvi.

Aliyeweka kidogo akatupa karata, karanga zake haziondoki. Tuseme jirani naye alikuwepo, akaweka 10, akaona moto akatoka; 10 zake zinaingia sahani ya kwanza inakuwa 170, yeye hana anachogombea.

Halafu olini pungufu. Tuseme mgao mwingine nimeweka 50, Mwalimu kanifuata 50, Fundi kasukuma zake zote ni 70. Kapandisha 20 tu, wakati kupandisha halali hapo ni angalau 50 nyingine. Kwenye nolimiti, ambako unaweza kusukuma kiasi chochote, mimi na Mwalimu tunaongeza 20 au tunatupa, haturuhusiwi kupandisha upya maana sote tulishacheza zamu yetu na Fundi hakufikisha. Kwenye limiti, ambako dau ni la kiasi kilichopangwa, kuna tofauti kidogo, olini ikifika nusu ya dau au zaidi inahesabiwa kama imepandisha kamili. Wengi hawajui hili na wanalitumia vibaya, rafiki yao akienda olini ya pungufu wanachukua kama mlango wa kupandisha mara ya pili.

Na la mwisho, sheria ya mezani inakataza kuongeza katikati ya mgao lakini pia inakataza kupunguza. Ulizoshinda zinakaa mezani, huziweki mfukoni ili ubaki na kidogo cha kuhatarisha. Kwa sisi wa karanga hii maana yake kula chipu zako ni kosa kabisa la kisheria, na Shemeji ana makosa hayo mengi. Mwishowe tumehamia visoda, vile vile vya kuchezea drafti, vya rangi mbili, moja inahesabika 5 na nyingine 20, na karanga zimebaki za kutafuna. Kama mnaanza leo anzeni na visoda moja kwa moja. Ila nitaendelea kusema karanga humu maana nimeshazoea.

Haya, mmekubaliana mezani. Sasa kiasi cha kupandisha, nolimiti, potilimiti au limiti? Poti za pembeni zipo kote, hesabu yake haibadiliki, kinachobadilika ni zinakuja mara ngapi na zinakuja kwa kishindo kiasi gani.

Nolimiti ndo hiyo inayoonekana kwenye video zote, zamu yako ikifika unaweza kusukuma kila kitu, muda wowote. Utamu wake upo, sikatai, kupiga mkwara wa 300 mbele ya mtu na kumwangalia machoni, hamna mchezo mwingine unakupa hiyo. Lakini kosa moja tu linakumaliza. Hapa kwetu Waingereza walishawahi kucheza nolimiti na karanga, tena karanga za kweli, pale Kongwa. Mwaka 1947 wakaleta matrekta, wakafyeka mapori, wakasukuma mamilioni ya paundi kabla hawajajua vizuri mvua ya huku inanyesha vipi na udongo ukikauka unakuwaje, 1951 wakakunja jamvi. Mgogo yeyote mwenye jembe lake angewaambia wapande eka kumi kwanza wasikilizie. Mimi na Q zangu nilifanya hivyo hivyo, nikaweka 300 kabla karata hata moja ya kati haijafunuliwa.

Potilimiti inakuwekea breki kidogo, huwezi kupandisha zaidi ya kilichopo kwenye poti ukishafuata. Kuna njia ya mkato ya kuhesabu: chukua dau la mwisho mara tatu, jumlisha na kilichokuwepo kabla ya dau hilo. Poti ina 300, mtu kaweka 100, mwisho wako ni 300 jumlisha 300, yaani 600. Watu wanadhani hii ni salama, hapana, ni salama kwa dakika moja tu. Angalia blaindi (yale madau ya lazima ambayo watu wawili wanaweka kabla ya karata kugawiwa) zikiwa 5 na 10: wa kwanza mwisho wake 35, anayefuata anaweza kufika 120, wa tatu 410. Kupandisha mara tatu tu na milima yote minne ya kwetu imeshaingia kati. Halafu lazima kila zamu mtu ahesabu poti kwa sauti, na kama meza yenu ina mtu mmoja wa kubishia hesabu (Shemeji) basi mgao mmoja unachukua robo saa. Hii imezoeleka zaidi kwenye Omaha, ile ya karata nne mkononi ambapo unatumia mbili tu, na huko inaleta maana maana kila mtu anajiona ana karata. Kwa poka ya kawaida ya karata mbili nyumbani, mimi naipita.

Limiti ndo ambayo watu wanaidharau na mimi nimekuja kuipenda uzeeni. Dau ni moja, halibadiliki, tuseme 10 kwenye raundi mbili za mwanzo na 20 kwenye mbili za mwisho, na kila raundi mwisho ni kupandisha mara tatu juu ya dau la kwanza. Tuchukue mgao ule ule. Kabla ya karata za kati hata tungechachamaa vipi mwisho ni 40 kila mtu. Fundi anaishiwa pale pale, 160 katikati, poti kuu imefungwa, hamna ugomvi. Zinafunuliwa 7, 7 na K. Mimi na Q zangu naiona K, Mwalimu kaweka 10 kwenye sahani ya pili, Shemeji kapandisha. Kwenye limiti ninayo nafasi ya kujiuliza. Nimeshatoa 40, pengine natoa 10 nyingine kwa ubishi, natupa. Nimepoteza 50 badala ya 180. Na Mwalimu na Shemeji wanaendelea kujenga sahani ya pili kidogo kidogo mpaka Mwalimu aishiwe kwenye karata ya nne au ya tano huko.

Ubaya wa limiti ni kwamba mkwara haufanyi kazi, nani atatoka kwa 20 wakati poti ina 200? Kila mtu anafuata mpaka mwisho kuona. Ukiwa mtu wa vitimbi utasinzia. Lakini kwa meza yenye watu wa uwezo tofauti, mmoja ana 40 mwingine 300, mmoja kajifunza juzi mwingine anacheza kwenye simu kila siku, limiti inawaweka wote mezani mpaka usiku uishe, na poti za pembeni zinakuwa chache, ndogo, na zinakuja polepole kiasi cha kuzihesabu bila presha.

Imebaki keshi au tonamenti, na hapa ndo nimebadilisha mawazo mara nyingi.

Keshi maana yake kila chipu ina thamani yake, unaingia na kiasi chako, ukiishiwa unaongeza mgao ukiisha, ukichoka unaondoka. Uzuri, mtu akitoka Mtumba kazini kachelewa anakaa tu anaanza. Ubaya, milima inakuwa tofauti sana toka mwanzo, na milima tofauti ndo mama wa poti za pembeni. Tena kwenye keshi mtu akienda olini halazimiki kulaza karata zake wazi, anasubiri mpaka mwisho, kwa hiyo mnagawa sahani hamjui nani ana nini na watu wa vitimbi wanaongea maneno muda wote huo.

Tonamenti wote mnaanza sawa. Sisi 200 kila mmoja, blaindi 2 na 4, kila dakika 20 zinapanda mara mbili hivi, watu sita tunamaliza kwa muda wa masaa mawili hivi. Kwa sababu mmeanza sawa, nusu saa ya kwanza olini nyingi ni za watu wenye milima inayokaribiana na poti ya pembeni haipo au ni ya visoda viwili vitatu. Zinakuja baadaye blaindi zikishabana. Na kuna sheria nzuri, mtu akiwa olini na dau zote zimeshakamilika, wote mnalaza karata wazi. Hapo hamna ujanja, kila mtu anaona sahani ipi inaelekea wapi, hata mke wangu ambaye hachezi anasimama mlangoni anashangilia.

Ila tonamenti ina ukatili wake. Ukiishiwa umetoka, sinki la vyombo linakusubiri. Wawili wakitoka kwenye mgao mmoja, aliyeanza mgao huo na nyingi ndo anahesabiwa nafasi ya juu, kwa hiyo kabla ya kusukuma hesabuni milima, msije mkaanza kukumbushana baadaye. Na ina jambo moja la kuangaliwa: mmoja yuko olini, wawili waliobaki wana sahani ya pembeni tupu. Hapo kupiga mkwara ni ujinga, unamfukuza mtu ambaye angekusaidia kumtoa yule wa olini, na hata akitoka hujashinda chochote kwenye sahani tupu, bado lazima umpige wa olini kwa karata. Wazoefu wanacheki tu, yaani wanapitisha zamu bila kuweka dau, mpaka mwisho. Lakini mkicheki mcheki kimya kimya, kuambizana "tucheki tumtoe huyu" ni kosa, ni watu wawili kumchangia mmoja. Fundi tulimfanyia hivyo mwezi mzima kabla hatujajua kama hairuhusiwi.

Utamu mwingine wa tonamenti ni kwamba kisoda kimoja bado ni uhai. Wanasimulia Jack Straus aliyeshinda mashindano makubwa ya dunia Las Vegas mwaka 1982, kwamba alisukuma chipu zake akapigwa, anainuka kuondoka akakuta chipu moja imebaki imejificha mezani, na kwa kuwa hakutamka olini wakamwachia aendelee nayo. Ndo maana sisi mtu akienda olini lazima atamke, "zote", na anayegawa anainua kila kitu kilichopo mbele yake kuangalia, sahani, kikombe cha chai, simu.

Kwa hiyo nani achague nini. Kama ni mara yenu ya kwanza kabisa na mko zaidi ya wanne, limiti ya keshi, karanga nyingi, msihesabu nani kashinda. Kama mna muda wenye mwisho, tuseme watu wanarudi Ihumwa usiku na usafiri ukipita saa nne ni shida, tonamenti, maana inaisha yenyewe. Kama mko wawili watatu tu na uwezo unalingana, chezeni nolimiti mfurahi, poti za pembeni kwa watu wawili hazipo kabisa, ya ziada inarudi kwa mwenyewe basi. Mko wanachuo pale UDOM na mnapenda hesabu, haya, chukueni potilimiti na Omaha, ila mmoja awe mgawaji asiyecheza. Na kama kikundi chenu kina mtu mwenye hela kuliko wengine ambaye anapenda kusema "ongeza au toka", huyo mwekeeni tonamenti, kila mtu 200, amekuja na gari au amekuja kwa miguu.

Sisi tumetulia hivi: Jumamosi za kawaida limiti, ya mwisho wa mwezi tonamenti ya nolimiti. Shemeji alipinga, akakubali alipoambiwa tonamenti ikiisha karanga zilizobaki ni ruksa kuliwa.

Na sahani. Poti haziwezi kuzidi idadi ya wachezaji kutoa mmoja, wanne sahani tatu, sita sahani tano. Tafuteni za plastiki za rangi tofauti, poti kuu iwe rangi ile ile kila siku. Yetu ni ya bluu. Katika miezi yote hii hatujawahi kujaza zaidi ya tatu, zile mbili za ziada anawekea maganda Mwalimu.